Hiari ya Nani?

Mwaka nilioacha chuo kwa sababu ya karo, nilipata kibarua cha kuandikisha majiko. Kampuni sitaitaja. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unapewa simu, fulana yenye jani la kijani kifuani, na orodha ya nyumba katika kijiji kimoja Murang'a. Awamu ya kwanza ni kugawa: unampa mwenye nyumba jiko jipya linalokula kuni kidogo, unampiga picha akiwa amelishika, unajaza fomu, naye anatia sahihi kwa kidole kwenye kioo cha simu. Awamu ya pili, baada ya miezi mitatu, unarudi kukagua. Malipo ni shilingi 40 kwa kila fomu iliyokamilika.

Shosho mmoja alinishika hapo kwenye sahihi.

"Hili jiko ni pesa ngapi?"

"Ni la bure, shosho."

"Hakuna cha bure, kijana wangu. Hapa nimetia sahihi ya nini?"

Nikaisoma fomu kwa mara ya kwanza, maana kusema kweli sikuwa nimewahi kuisoma. Aya ya nne, kwa Kiingereza cha mawakili, ilisema kwamba mwenye kupokea jiko anaikabidhi kampuni haki zote za kaboni itakayookolewa kwa muda wote jiko litakapotumika. Nikamtafsiria kwa Kikuyu changu cha matatu: moshi ambao hutautoa tena, kampuni itauuza. Alicheka hadi akakaa chini.

"Moshi ambao haupo! Na ni nani anaununua?"

Sikujua. Niliporudi baada ya miezi mitatu, jiko lilikuwa pembeni na chai juu yake. Nyuma ya jikoni, juu ya mafiga matatu, sufuria kubwa ya githeri ilikuwa inachemka, kwa sababu sufuria ya watu wanane haikai kwenye jiko la kampuni. Fomu iliuliza kama mtumiaji ameacha kabisa kutumia mafiga. Ukigusa "hapana", yanafunguka maswali mengine sita na picha mbili. Ukigusa "ndiyo", fomu inakamilika. Jua lilikuwa kali na nilikuwa na nyumba kumi na moja mbele yangu.

Niligusa "ndiyo".

Swali la shosho limenifuata tangu siku hiyo. Ni nani ananunua moshi ambao haupo, na kwa nini? Nimekuwa nikilitafutia jibu kwa vipande, usiku, bando ikiruhusu. Jibu halianzii Murang'a. Linaanzia Connecticut, Marekani, mwaka 1988.

*

Mwaka huo joto la dunia ndilo lilikuwa linaanza kuingia kwenye habari za kila siku. Mwezi wa Juni, mwanasayansi wa NASA, James Hansen, aliliambia Bunge la Seneti la Marekani kwamba dunia inazidi kupata joto na kwamba sababu ni gesi tunazozitoa sisi wenyewe. Lakini sheria ya kuilazimisha kampuni ipunguze kaboni Marekani haikuwepo. Ungetaka kuchoma makaa ya mawe, ungechoma.

Kampuni ya umeme iliyoitwa AES ilikuwa na mpango wa kujenga mtambo wa makaa ya mawe huko Connecticut, wa megawati 180 hivi. Mkuu wake, Roger Sant, alikuwa mtu aliyejali mazingira kikweli, na makaa yalimsumbua. Kwa hiyo kampuni ikafanya jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa. Ililiendea shirika la utafiti la World Resources Institute na kuuliza: je, tunaweza kupanda miti mahali fulani ili inyonye moshi wetu? Wakachagua Guatemala. Shirika la CARE tayari lilikuwa na mradi wa miti na wakulima milimani huko. AES ikatoa dola milioni 2, na wengine wakaongeza. Lengo lilikuwa miti milioni 52 kwa miaka kumi, ipandwe na familia za wakulima zipatazo 40,000.

Hapo ndipo mchezo mzima ulipozaliwa. Kampuni inachoma kaskazini, mkulima anapanda kusini, hesabu inafungwa katikati. Hakuna aliyeilazimisha AES. Ilikuwa hiari tupu, na wengi waliipigia makofi.

Hebu tuangalie jinsi hadithi ilivyoisha. Tathmini iliyofanywa kama miaka kumi baadaye ilikuta mradi uko nyuma sana ya lengo lake la kaboni. Mkulima wa milimani anapanda mti kwa sababu zake: kuni, mbao, kivuli, kuzuia udongo usibebwe na mvua. Mti wa kaboni, kwa upande mwingine, unatakiwa usimame tu. Ukikatwa ukachomwa, kaboni inarudi hewani. Mahitaji mawili, mti mmoja. Na ule mtambo uliotarajiwa kufanya kazi miaka 40? Kampuni tanzu iliyouendesha ilifilisika mwaka 2011, na mtambo ukazimwa.

Hilo ndilo lililonifanya nisimame. Mtambo ulitoka kwenye hadithi kupitia mahakama ya kufilisi, kwa kanuni na utaratibu. Mkulima hakuwa na mlango wa namna hiyo. Alibaki na mti wake, mlima wake, na ahadi iliyohesabiwa kwa jina lake na watu ambao huenda hakuwahi kuwaona.

*

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Kuna makampuni yaliyojipunguzia moshi yenyewe, bila kumtuma mtu mwingine apande mti. Mfano mkubwa ni BP, kampuni ya mafuta ya Uingereza.

Mei 1997, mkuu wa BP wakati huo, John Browne, alisimama Chuo Kikuu cha Stanford na kukiri hadharani kwamba tatizo la tabianchi ni la kuchukuliwa kwa uzito. Kwa bosi wa mafuta hilo lilikuwa jambo zito, maana wenzake wengi walikuwa bado wanalipa watu wa kulikana. Mwaka uliofuata akaweka lengo: ifikapo 2010, moshi wa shughuli za BP uwe chini kwa asilimia 10 ukilinganisha na 1990. Ndani ya kampuni wakaanzisha soko lao wenyewe, ambapo kitengo kilichopunguza zaidi kilikiuzia kingine nafasi yake. Wakaziba mabomba yaliyovuja na kupunguza gesi iliyochomwa ovyo visimani. Kufikia mapema mwaka 2002 Browne alitangaza kwamba lengo limetimia, karibu miaka minane kabla ya wakati, na kwamba kampuni haikupoteza pesa bali iliziokoa.

Kwa hiyo inawezekana. Mtu asikudanganye kwamba hiari ni maneno matupu siku zote.

Lakini uliza ni moshi upi uliohesabiwa. Mwaka 2001 ulitoka mwongozo wa kuhesabu gesi hizi ambao makampuni karibu yote yanautumia mpaka leo, Greenhouse Gas Protocol. Unagawa moshi mafungu matatu. La kwanza ni moshi wa kampuni yenyewe, magari na mitambo yake. La pili ni moshi wa umeme inaounua. La tatu ni mengine yote, pamoja na moshi unaotoka pale mteja anapoitumia bidhaa. Asilimia 10 ya BP ilikuwa ya shughuli zake. Petroli iliyoingia kwenye matatu ikatoka kama moshi Thika Road ni ya fungu la tatu, na kwa kampuni ya mafuta fungu la tatu ndilo mlima. Mengine ni vichuguu.

Mwaka 2020 BP ikaahidi kuugusa mlima: uzalishaji wa mafuta na gesi ungepunguzwa kwa asilimia 40 kufikia 2030. Februari 2023 ikashusha ahadi hadi asilimia 25. Februari 2025 ikaiacha kabisa na kutangaza kwamba itaongeza pesa kwenye mafuta na gesi, hadi dola bilioni 10 hivi kwa mwaka. Hakuna aliyeshtakiwa, na kwa nini ashtakiwe? Ilikuwa hiari. Ukiingia kwa hiari, unatoka kwa hiari.

*

Kulikuwa na jaribio la kuiwekea hiari kufuli. Mwaka 2003 mwanauchumi Richard Sandor alifungua soko lililoitwa Chicago Climate Exchange. Ujanja wake ulikuwa huu: kujiunga ni hiari, lakini ukishajiunga unafungwa na mkataba. Ukishindwa kupunguza moshi wako, lazima ununue vyeti kutoka kwa aliyepunguza zaidi. Cheti kimoja kiliwakilisha uzito maalum wa kaboni ambayo haikwenda hewani, kama tani tunazohesabu leo. Makampuni makubwa yaliingia, Ford na DuPont yakiwemo.

Kwa nini waliingia? Baadhi kwa imani, sawa. Lakini wengi waliona sheria inakuja, wakataka kujifunza kuogelea kabla ya mafuriko. Mwaka 2008 bei ilipanda hadi zaidi ya dola 7 kwa tani, wakati ambapo Marekani ilionekana kukaribia kupitisha sheria ya kaboni. Mwaka 2010 Seneti ikashindwa kuipitisha sheria hiyo, na bei ikaporomoka hadi senti chache, pungufu ya bei ya peremende. Mwisho wa mwaka huo biashara ikafungwa.

Waliyoyaita hiari yalikuwa kivuli cha sheria. Sheria ilipoondoka, kivuli kikaondoka nayo.

Soko la hiari halikufa, lilihama. Vikatokea viwango vya kimataifa vya kukagua vyeti: Gold Standard tangu 2003, na kingine ambacho leo kiko chini ya shirika la Verra. Shirika la ndege, benki au kampuni ya simu lingeweza sasa kununua cheti kutoka popote na kujitangaza kuwa safi. Vyeti vingepatikana wapi kwa bei nafuu? Unajua jibu. Kwetu.

*

Februari 2011, mradi wa Kasigau huko Taita Taveta, kwenye msitu mkavu ulio kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, ulikuwa wa kwanza duniani kupewa vyeti vya kuzuia ukataji wa misitu chini ya kiwango hicho cha Verra. Mwaka 2014 wakulima wa magharibi ya Kenya, upande wa Kisumu na Kitale, wakapata vyeti kwa kaboni iliyofungwa kwenye udongo wa mashamba yao. Kwa soko hili Kenya haikuwa mtazamaji, ilikuwa maabara.

Kaskazini, mradi mmoja uliohesabiwa tangu 2013 ulichukua karibu hekta milioni 1.9 za nyanda za malisho. Wazo lake: wafugaji wakilisha kwa mpango na kwa zamu, nyasi zitapona na udongo utashika kaboni. Mradi ni wa miaka 30. Wanunuzi wa vyeti walikuwemo Netflix na Meta. Yaani unatazama filamu usiku South B, na hesabu ya moshi wake inafungwa kwenye njia ya ng'ombe wa Mborana.

Tatizo ni kwamba njia ya ng'ombe ilikuwa na wenyewe kabla ya mradi, na taratibu zao za malisho. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za kaunti hiyo zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Moja yao, Biliqo Bulesa, ilikuwa ndani ya mradi huo wa kaboni. Mnunuzi alikuwa na hiari. Muuzaji alikuwa na hiari. Mwenye malisho, mahakama ilipouliza, hakuwa ameulizwa vizuri.

Wakati huo soko lenyewe lilikuwa limeanza kutetemeka. Januari 2023 gazeti la Guardian la Uingereza na wenzake walichapisha uchunguzi uliosema kwamba zaidi ya asilimia 90 ya vyeti vya misitu ya mvua walivyovichunguza chini ya Verra huenda havikuwakilisha punguzo lolote la kweli. Verra iliupinga. Mwaka mmoja baadaye ukatoka utafiti wa watafiti wa Berkeley kuhusu majiko. Nauandika huku nimeinamisha kichwa. Miradi waliyoichunguza ilikuwa imejipatia vyeti takriban mara tisa ya kaboni iliyookolewa kweli. Moja ya sababu walizozitaja: watu hupewa jiko jipya lakini mafiga hawayaachi, na hesabu zinasema wameyaacha.

Nani aliziambia hesabu wameyaacha? Kijana fulani mwenye fulana ya jani.

*

Nilikaribia kumaliza makala hii hapo, kwa hasira. Kisha nikakumbuka Gazi.

Gazi ni kijiji cha wavuvi Kwale, kusini mwa Mombasa, kwenye ghuba iliyozungukwa na mikoko. Pwani nzima hii mikoko imekuwa biashara tangu enzi za majahazi: boriti zake zilipakiwa kwenda Uarabuni kuezeka nyumba za nchi isiyo na miti. Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda. Palipokuwa na msitu pakabaki tope tupu, na mahali samaki walipozalia pakaondoka.

Mwaka 1991 watafiti wa taasisi ya serikali ya bahari na uvuvi, KMFRI, walianza kupanda mikoko upya hapo pamoja na wanakijiji. Tafadhali uangalie mwaka huo. Ni zaidi ya miaka 20 kabla ya mtu yeyote kuja na pesa ya kaboni. Walipanda kwa sababu samaki walikuwa wamepungua na bahari ilikuwa inakula ufuo.

Cheti kilikuja 2013, kupitia mradi unaoitwa Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni. Ni mradi wa kwanza duniani wa kijamii kuuza kaboni ya mikoko. Na ni mdogo! Hekta 117, tani 3,000 hivi kwa mwaka, mapato ya dola elfu kumi na kitu kwa mwaka. Kwa soko la dunia hiyo ni chenji. Lakini chenji hiyo imelipia maji ya bomba, vitabu na ukarabati wa shule, na kinachofanywa nayo kinajadiliwa na wanakijiji kwenye baraza. Na kwa kuwa watu bado wanahitaji kuni na mbao, mradi ulipanda mivinje pembeni, ili anayekatazwa mkoko awe na mti mwingine wa kukata. Mwaka 2017 walipewa Tuzo ya Ekweta ya Umoja wa Mataifa.

Sisemi Gazi ni peponi. Msitu ni wa serikali, na jamii ililazimika kuingia mkataba ili iutunze. Bei ya cheti haipangwi Kwale. Lakini tofauti yake na fomu yangu naiona wazi. Gazi waliona mafiga yatabaki, wakayapandia mivinje. Sisi tuliona mafiga yamebaki, tukagusa "ndiyo".

*

Septemba 2023, Nairobi ilipoandaa mkutano wa kwanza wa tabianchi wa Afrika, Rais alikuwa ametoka tu kutia sahihi marekebisho ya sheria ya mabadiliko ya tabianchi. Sheria hiyo sasa inataka miradi ya ardhi iwape wanajamii angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka baada ya gharama, na ile isiyo ya ardhi asilimia 25. Inataka pia mkataba wa maendeleo ya jamii, uliosajiliwa. Hayo maneno "baada ya gharama" yatawalisha wahasibu miaka mingi. Hata hivyo ni hatua: kwa mara ya kwanza upande wetu wa meza una kiti kilichoandikwa kwenye sheria.

Wazee walisema hiari yashinda utumwa. Nimeirudia methali hiyo mara nyingi nikiandika haya, na naona maana yake inategemea kama kila aliyeketi mezani ana mlango wa kutokea. Kampuni inao: inafilisika, inabadilisha lengo, inatafuta cheti cha bei nafuu kwingine. Mfugaji aliyewekwa kwenye hesabu ya miaka 30 hana. Kabla hujaipigia makofi kampuni iliyojitolea kuwa safi, uliza maswali mawili. Je, imepunguza moshi wake yenyewe, au imemtuma mwingine? Na yule mwingine, akitaka kuacha kesho, ataweza?

Kwa hivyo shosho, jibu la swali lako, nikiwa nimechelewa sana: aliyenunua moshi wako ambao haupo ni mtu asiyekujua, aliyehitaji karatasi ya kusema kwamba moshi wake ulio hewani umefutwa. Na moshi wenyewe ulikuwepo. Uliuona wewe, niliuona mimi, ulinuka githeri.

Ile kazi niliiacha mwezi uliofuata. Mimi nilikuwa na mlango. Lakini fomu haikunifuata nje. Iko mahali fulani kwenye kompyuta ya mtu, imekamilika, na ile "ndiyo" yangu bado inahesabiwa.